Mwanzi Uzaliwao na Tawi

Katika mikoa ya Shinyanga na Geita, ambako miti imekatwa dahari kwa kuni, mkaa na matimba yanayozuia kuta za maduara ya wachimbaji wadogo wa dhahabu zisiporomoke, hapana budi kupanda mmea ukuao upesi, uvunwao pasipo kung'olewa. Nao mwanzi una sifa hizo, kwani hutoa fito, nguzo za ua na kuni, na msitu ukapata nafuu.

Mbegu zake ni adimu, maana jamii nyingi za mianzi huchanua baada ya miaka mingi mno. Basi njia sahali, hasa kwa mianzi yenye kuta nene, ni vipandikizi vya matawi. Chagua tawi nene, ulikate pamoja na shina lake lililovimba, penye vinundu vya mizizi, ubakishe vifundo vitatu, kisha ulichomeke katika kiriba kilicho kivulini, kifundo kimoja au viwili vikiwa ndani ya udongo usiokosa unyevu.

Hapo subira ni wajibu: majani aghalabu hutangulia mizizi, na mwenye pupa, akighururika na ukijani ule, huuhamisha mche mapema ukakauka. Heri angoje mizizi ijae kiribani, auhamishe mvua zishikapo.

Wasukuma, ambao desturi yao ya ngitili, yaani kutenga eneo la malisho ili uoto ujirejeshe, ilihuishwa na mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulioanzishwa mwaka 1986, wamekwisha kuthibitisha kwamba ardhi iliyochakaa hurejewa na uhai ikitunzwa. Mwanzi nao wastahili matunzo hayo hayo.