Tarakimu Pekee Hazitoshi

Mkulima wa Kitale amwuziapo shamba mnunuzi wa Bungoma, mkataba sharti uandikwe na kutiwa saini mbele ya shahidi. Ndivyo Sheria ya Mikataba ya Kenya, Sura ya 23, inavyoagiza. Lakini je, kiasi kimeandikwaje?

Tarakimu ni dhaifu. Nukta ikifutika, ekari 2.5 huwa 25; sufuri ikichomekwa, shilingi 30,000 huwa 300,000. Ndiyo maana kiasi huandikwa pia kwa maneno. Kuhusu hundi, Sura ya 27 yatamka wazi kwamba maneno na tarakimu vikihitilafiana, maneno ndiyo yafuatwayo.

Hata hivyo, maneno nayo yana mtego wake. "Shilingi elfu mia mbili na hamsini" ni 250,000 au 200,050? Kiswahili chakubali yote mawili. Heri kuandika "laki mbili na elfu hamsini", kisha tarakimu zifuate ziwe shahidi.

Enyi walimu, lifundisheni somo hili pamoja na hesabu. Mwanafunzi wa leo ndiye atakayemsomea babake mkataba kesho, na shamba likishapotea halirudishwi kwa kilio.