Joto la ukomo wa hedhi kwa mwanamke mwenye sonona

Mwanamke anayeishi na sonona akishavuka miaka 40 na ushee, kuna makosa mawili yanayomsubiri katika chumba cha daktari. La kwanza: akieleza kwamba anaamka usiku amelowa jasho na moyo unamwenda mbio, anaambiwa ni ule ugonjwa wake wa siku zote, anaongezewa dozi na kurudishwa nyumbani. La pili ni kinyume chake: akisema hana hamu ya kitu chochote na analia bila sababu, anaambiwa ni umri, siku zinakatika, avumilie kama mama zake walivyovumilia. Nafanya kazi katika kliniki ya afya ya akili na nayaona yote mawili. Yote yanaumiza, na la pili linaweza kuua.

Tuanze na mwili. Ukomo wa hedhi huhesabiwa pale miezi 12 inapopita mfululizo bila damu, na wanawake wengi hufika hapo kati ya miaka 45 na 55. Lakini tabu huanza kabla. Kwa miaka kadhaa ovari huacha kutoa homoni ya estrojeni kwa utaratibu. Mwezi huu inapanda kupita kiasi, mwezi ujao inaporomoka. Na estrojeni haihusiki na uzazi peke yake. Inagusa namna ubongo unavyotumia serotonini, kemikali ile ile inayolengwa na dawa nyingi za sonona, na inagusa pia sehemu ya ubongo inayosimamia joto la mwili. Ikiyumba, sehemu hiyo huwa nyepesi kushtuka. Joto likiongezeka kidogo tu, ubongo unachukulia kwamba mwili unaungua, unatanua mishipa ya damu ya ngozi na kumwaga jasho. Dakika chache baadaye mtu yule yule anatetemeka kwa baridi.

Utafiti wa Marekani uitwao SWAN, uliowafuatilia wanawake kwa miaka mingi, ulionyesha kwamba katika kipindi hiki cha mpito na miaka ya mwanzo baada yake, uwezekano wa kushikwa na sonona kamili ulikuwa mara 2 hadi 4 ya ule wa kabla ya mpito. Aliyewahi kuugua ndiye aliye hatarini zaidi. Kama sonona ilikushika baada ya kujifungua, au ulikuwa ukibadilika sana kila hedhi inapokaribia, mweleze daktari hata kama ni miaka 20 iliyopita na hata kama hakukuuliza. Utafiti huo huo ulikuta kwamba joto la ghafla hudumu, kwa wastani, zaidi ya miaka 7, na kwa Wamarekani weusi miaka 10. Kwa hiyo “vumilia, litapita” si ushauri wa kumpa mgonjwa.

Chukua mwalimu wa shule ya msingi Dar es Salaam, miaka 48, mbele ya darasa lililojaa, chini ya bati, mwezi wa Februari. Kila mtu anatokwa jasho, kwa hiyo hakuna anayeliona lake kuwa tatizo. Yeye analijua. Linaanzia kifuani, linapanda shingoni, linamwagika usoni kwa ghafla, na katikati ya sentensi anageukia ubao na kuandika chochote ili watoto wasimwone akijifuta kwa mtandio. Usiku ni mbaya zaidi. Anaamka saa nane, khanga imemganda mgongoni, na akishaamka mawazo nayo yanaamka: ada, marejesho ya kikoba, mama mgonjwa kijijini, na ile sauti ya zamani inayomwambia hafai kitu. Anakaa macho mpaka adhana ya alfajiri. Baada ya wiki kadhaa za namna hiyo anarudi kliniki akilia, na kwenye faili inaandikwa kwamba dawa imeshindwa. Mara nyingi dawa haijashindwa. Mama huyu halali.

Ndiyo maana mimi huanza na usingizi. Chandarua kinabana hewa, na wapo wanaokitoa kwa sababu ya joto. Msikitoe, malaria haijui umri. Kinachosaidia ni shuka na nguo za pamba, khanga kavu iliyokunjwa kando ya mto ili ubadilishe bila kuwasha taa wala kutafuta kabatini, feni kama umeme upo, na kuoga maji ya uvuguvugu kabla ya kulala. Chai ya rangi na kahawa ziishie mchana. Pombe huleta usingizi wa juu juu, kisha huamsha na kuongeza jasho, na kwa mwenye sonona ina madhara mengine makubwa zaidi. Ukiamka na usingizi ukagoma, toka kitandani, kaa sehemu yenye mwanga hafifu, rudi unapousikia unakuja. Amka saa ile ile kila asubuhi hata kama usiku ulikuwa mbaya. Jambo hili la mwisho watu hulidharau, nami nalisisitiza kuliko yote.

Mchana, joto linapoanza kupanda, vuta pumzi taratibu kutoka tumboni na uitoe kwa urefu zaidi ya ulivyoivuta, mpaka lipite. Halafu angalia mawazo yanayoambatana nalo. “Wote wananitazama” ni wazo, na mara nyingi si kweli. Wanafunzi wanatazama mpira uliopo nje ya dirisha. Jijini London, profesa Myra Hunter na wenzake walitengeneza tiba ya mazungumzo ya aina hii kwa ajili ya ukomo wa hedhi, na wakaonyesha kwamba usumbufu wa joto hilo kwa wanawake hupungua hata pale idadi ya vipindi vyake isipopungua sana. Huhitaji daktari bingwa kuianza. Nchini Zimbabwe, kwa mfano, Dixon Chibanda aliwafundisha bibi wa mitaani kuketi na wagonjwa kwenye mabenchi nje ya zahanati na kuwasaidia kutatua tatizo moja moja. Kazi hiyo ilipimwa kitafiti na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2016. Wanawake wetu nao wana vikundi vya kuwekeza, vya kanisani na vya madrasa, na humo wamo wenye kujua kusikiliza.

Kwa upande wa dawa, habari njema ni kwamba baadhi ya dawa za sonona hupunguza pia joto la ghafla: venlafaksini, esitalopramu na paroksetini. Mgonjwa anayehitaji kubadilishiwa dawa anaweza kupata nafuu mbili kwa kidonge kimoja. Lakini venlafaksini inaweza kupandisha presha, kwa hiyo ipimwe mara kwa mara, na paroksetini haifai kwa anayetumia tamoksifeni kwa saratani ya matiti, kwa kuwa inaipunguzia nguvu. Amitriptilini, dawa kongwe ambayo bado huandikwa sana kwetu, huleta usingizi lakini pia hukausha mdomo na kuongeza uzito. Usiache dawa yoyote kati ya hizi ghafla. Kuacha ghafla kwenyewe huleta jasho, kizunguzungu na hasira.

Tiba ya homoni ilijengewa hofu na utafiti wa Marekani wa mwaka 2002, ambao washiriki wake walikuwa na wastani wa miaka 63, wengi wao wakiwa wameshauvuka ukomo kitambo. Leo inaeleweka kwamba kwa mwanamke aliye chini ya miaka 60, au ambaye hajapitisha miaka 10 tangu hedhi ikome, asiye na historia ya saratani ya matiti, kiharusi au kuganda kwa damu, faida zake mara nyingi huzidi madhara. Mwenye mfuko wa uzazi huongezewa projesteroni ili kuulinda. Homoni inaweza kuinua hali ya moyo kipindi cha mpito, lakini haichukui nafasi ya dawa ya sonona kali. Na zile chupa za “kubalansi homoni” zinazouzwa kwenye simu, njoo nazo kliniki. Hutagombezwa. Tunataka kujua umekunywa nini ili kisigongane na dawa zako, hasa kama unatumia ARV.

Kabla ya kulaumu umri au akili, vipimo vichache ni lazima. Jasho la usiku pamoja na kikohozi cha wiki mbili au kupungua uzito ni TB mpaka ithibitike vinginevyo. Damu nyingi ya miezi ya mpito huleta upungufu wa damu, na mwenye upungufu huo huchoka na moyo kumwenda mbio. Tezi ya shingo nayo ipimwe. Damu inayotoka baada ya mwaka mzima bila hedhi haisubiri.

Ukavu ukeni huumiza tendo la ndoa, na dawa nyingi za sonona hupunguza hamu. Vikikutana, mume anadhani hapendwi na mke anadhani ameisha. Vilainishi vya maji na krimu ya estrojeni vipo. Tuulizeni, hata kwa kunong’ona.

Utajuaje basi kwamba sonona yenyewe imerudi? Dodoso la maswali tisa tunalotumia kliniki linachanganya hapa, maana usingizi, uchovu, hamu ya chakula na umakini vinaweza kuyumbishwa na ukomo wa hedhi peke yake. Mimi hutazama mengine: huzuni au kukata tamaa kusikoondoka kwa wiki mbili, kutofurahia hata mjukuu au kwaya uliyoipenda, kujiona huna thamani, na kutamani kufa. Hayo si ya umri.

Wengi hulificha hilo la mwisho kwa kuogopa kuitwa wa Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, au kwa sababu nchini Tanzania sheria bado inaliita jaribio la kujiua kosa la jinai. Kumwambia daktari kwamba mawazo hayo yanakujia si kosa lolote. Yakija, mwambie mtu mmoja leo hii na mwende naye kituo cha afya bila kungoja tarehe ya kliniki. Na wewe ndugu uliyeambiwa, usimwambie asali tu. Kaa naye usiku huo, zishike wewe dawa zake zote umpe za siku moja moja, na asubuhi mpeleke.