Mjinga na Mpumbavu: Maneno ya Akili na Ari ya Mtoto Kujifunza

Mtoto wa Kilosa au Mikumi aingiapo darasa la kwanza huenda amelelewa kwa Kisagara, Kividunda au Kikaguru, au kwa Kiswahili kilichochanganyika na lugha hizo. Kabla hajajua kusoma, husikia hukumu juu ya kichwa chake: huyu mwepesi, yule mzito, huyu ana akili, yule hana. Maneno hayo si sifa tu. Kila moja limebeba imani juu ya akili ni kitu gani, naye mtoto huishika imani hiyo upesi kuliko somo lenyewe.

Neno akili, lenye asili ya Kiarabu, hutumika mara nyingi kama jina la mali: mtu anayo au hanayo. Methali isemayo kuwa akili ni nywele, kila mtu ana zake, yaegemea upande huo, ijapokuwa nywele nazo huota. Lakini Kiswahili kina upande wa pili, nao ni wa vitenzi: kuerevuka, kuelimika, kuzoea. Hapo akili ni mwendo. Tofauti ya mjinga na mpumbavu yatoka papo hapo. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 yampa mjinga, pamoja na maana nyingine, ile ya mgeni asiyezoea. Na katika pwani ya karne ya 19 watumwa waliofika karibuni kutoka bara waliitwa wajinga. Ujinga, basi, ulikuwa hali ipitayo. Mwaka 1970 ulipotangazwa nchini Tanzania kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, watu walihimizwa kufuta ujinga. Hakuna aliyehimizwa kufuta upumbavu.

Je, tofauti hiyo humgusa mtoto? Mwaka 1998 Claudia Mueller na Carol Dweck walichapa majaribio yaliyofanywa Marekani. Watoto waliosifiwa kwa akili zao, walipokutana na maswali magumu wakashindwa, walikata tamaa upesi kuliko waliosifiwa kwa bidii, na alama zao zikashuka. Yafaa isitiwe chumvi: jaribio kubwa la nchi nzima lililochapwa mwaka 2019 huko huko lilionyesha faida ndogo, hasa kwa wanafunzi wenye alama za chini. Lililo karibu zaidi nasi ni la Bagamoyo. Mwaka 2002 Robert Sternberg na wenzake walieleza jinsi walivyowapima watoto wa shule huko, wakawafundisha kidogo, kisha wakawapima tena. Alama zilipanda. Kipimo cha kwanza hakikuwa kimeonyesha yote yaliyomo.

Sarufi yenyewe ina chombo kwa jambo hili. “Hajui” yafunga mlango. “Hajajua” yauacha wazi, kwa kuwa -ja- yangojea tendo lije. Ni vigumu kupata kiambishi kidogo kuliko hicho chenye kazi kubwa darasani.

Jambo hili huwa zito zaidi katika kidato cha kwanza. Mtoto aliyefaulu kwa Kiswahili mtihani wa Septemba aanza Januari kufundishwa kwa Kiingereza, na yule mwepesi wa jana aitwa mzito. Mwalimu aandikaye “hawezi” katika taarifa ya muhula hana budi kueleza asichoweza mtoto huyo ni nini: hesabu, au Kiingereza kilichoandikiwa hesabu hiyo.