Usisaini 'yameisha' mguu ukiwa bado kwenye hogo

Mama mmoja wa Kinyangiri, wilayani Mkalama, alimleta binti yake wa miaka tisa akichechemea. Mwaka mmoja kabla, bodaboda ilimgonga akitoka shule. Wazee walikaa, dereva akatoa shilingi 200,000, ikasainiwa karatasi kwamba madai yameisha. Mguu ulikuwa bado kwenye hogo. Nilipoupima kwa futi ya kamba, ulikuwa mfupi kuliko mwenzake kwa sentimita mbili.

Mfupa wa mtoto una sehemu laini karibu na kiungo, nayo ndiyo inayourefusha. Ikiumia, mfupa unaweza kuunga vizuri lakini ukaacha kukua, au ukakua upande. Eksirei ya siku ya kwanza haiwezi kukuambia hilo. Hujitokeza baada ya miezi, pengine zaidi ya mwaka. Laki mbili ile ililipia hogo tu.

Mnaniuliza, "Daktari, mguu huu ni shilingi ngapi?" Mimi sikadirii shilingi. Naandika kilichoumia, kilichopona na kilichobaki. Kampuni ya bima, wakili au mahakama huanzia hapo. Huangalia gharama za matibabu, kipato kilichopotea, maumivu, na ulemavu wa kudumu ambao daktari huuandika kwa asilimia. Asilimia hiyo huandikwa hali ikishatulia, si wiki ya pili.

Kwa hiyo linda karatasi. Fomu ya PF3 hutolewa polisi, hujazwa na daktari, kisha hurudi polisi. Kwenye dharura tunatibu kwanza. Baki na nakala. Taja kila kitu, hata kama ulipoteza fahamu kwa dakika moja tu. Nimeona faili lililoandikwa "michubuko" na baadaye mgonjwa akaanza kupata degedege. Na mwandiko wetu madaktari mnaujua: omba usomewe kilichoandikwa.

Tunza risiti, na za nauli pia. Mkulima wa alizeti hana hati ya mshahara, lakini ana rekodi ya magunia aliyouza msimu uliopita.

Kila chombo cha moto barabarani, bodaboda ikiwemo, kinatakiwa kisheria kuwa na bima ya kufidia watu wengine. Andika namba ya usajili. Kwa namba hiyo bima huhakikiwa kwenye mfumo wa TIRA. Kama haina bima, dereva bado anaweza kudaiwa. Kama umeajiriwa na umeumia ukiwa kazini, mwajiri atoe taarifa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Kesi ya madai ya fidia kwa kawaida ina ukomo wa miaka mitatu.

Je, ukatae hela ya dereva? Hapana, mtoto atibiwe. Ila iandikwe kuwa ni ya matibabu.

Yule binti kiatu chake kimeongezwa soli. Tutampima kila miezi sita mpaka aache kukua, na mama amepeleka ile karatasi ya wazee kwa mwanasheria.