Hodi Ambayo Haikuitikiwa

Msomaji wetu mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Nakuru ametuletea swali ambalo nimekaa nalo wiki nzima. Mteja wake alilipia mabati kwa M-Pesa, ujumbe wa kuthibitisha ukaingia kwenye simu, hela zikaonekana kwenye akaunti ya duka. Lakini programu ya mauzo iling'ang'ania "haijalipwa" hadi jioni, na kijana wa stoo akakataa kutoa mzigo. Pesa imefika, habari haijafika. Inawezekanaje?

Inawezekana kwa sababu pesa na habari za pesa hupita njia mbili.

Programu ya mauzo na mfumo wa malipo viliandikwa na watu wasiojuana. Huunganishwa kwa API, yaani mlango ambao programu moja huwaachia wenzake. Safaricom, wenye M-Pesa, walipoufungua wa kwao mwaka 2017 waliuita Daraja, jina zuri kuliko mengi ninayoyajua katika fani hii. Maduka mengi hayajengi muunganisho huo yenyewe. Hulipia kampuni ya kati inayozungumza na mfumo wa malipo upande mmoja na programu ya mauzo au ya hesabu upande wa pili. Mambo ya funguo na nywila nayaruka. Kinachonivutia mimi ni jinsi jibu linavyorudi.

Programu ya duka inapoomba malipo, Daraja hujibu papo hapo: ombi limepokewa, namba yake hii hapa. Wengi hudhani yamekwisha. Hata kidogo! Saa hiyo mteja ndiyo kwanza anaona kisanduku cha PIN kikiibuka kwenye simu yake. Anaweza kuijaza, anaweza kughairi, simu inaweza kuzima chaji.

Mfikirie mtoto unayemtuma sukari. Anasema "nimesikia" na kutoka mbio. "Nimesikia" si sukari. Nawe husimami mlangoni kumngoja. Unaendelea kukata vitunguu. Baadaye anarudi na kubisha hodi: ama ana sukari, ama duka limefungwa, ama pesa haikutosha. Je, akikuta umetoka kuchota maji na mlango umeubana? Sukari imenunuliwa, pesa imetoka, jikoni hakuna habari. Mtoto mwenye akili atazunguka kidogo, arudi abishe tena. Hapa ndipo palipo na utamu wenyewe. Huenda ile hodi ya kwanza uliisikia, sukari ukaiandika daftarini, ila hukuitikia kwa sauti. Akirudi na habari ile ile, usije ukaandika kilo ya pili. Ndiyo maana kila ombi lina namba. Programu iliyoandikwa vizuri hutazama namba kwanza. Ikiikuta imeshaingia, huitikia tu na kuliacha daftari lilivyo.

Mwaka 2007, mwaka ule ule M-Pesa ilipoanza Kenya, Mmarekani Jeff Lindsay aliupa ubishaji huu, wa programu kuirudia nyingine na jibu, jina la webhook. Ukilitafsiri kipande kwa kipande unapata "ndoano ya wavuti", na msomaji atawaza samaki. Mimi naomba tuseme hodi. Neno hili lina kila kitu: anayebisha yuko nje, haingii mpaka aitikiwe, na asipoitikiwa ana utaratibu. Sisi hubisha mara tatu tukaondoka. Stripe, kampuni ya malipo ya Marekani, huendelea kubisha kwa hadi siku tatu, ikirefusha nafasi kati ya hodi na hodi. Namba 200 ambayo seva, yaani kompyuta inayobishiwa, hurudisha ndiyo "karibu".

Basi kwa ndugu yetu wa Nakuru, inaelekea hodi ilipigwa wakati seva ya programu yake, au ya kampuni ya kati, haipo hewani. Mwambie fundi wako asikae kungoja hodi peke yake: Daraja huruhusu kuuliza hali ya ombi kwa namba yake, na programu inaweza kuuliza yenyewe kila ombi linapokaa dakika kadhaa bila jibu. Ahakikishe pia kwamba anayebisha ni mwenyewe, si tapeli aliyeijua anwani ya kubishia. Na mteja, mpe mabati yake leo. Hela unaziona kwenye akaunti.