Msindano unaolia waota Kanombe

Nilipopanda msindano katika ua wangu hapa Kanombe, jirani alinijia juu. “Mwalimu, nchi hii imelia vya kutosha, nawe unaleta mti wa kulia nyumbani?”

Sikumjibu. Aliyeutaka ni mama. Baba tulimzika Karagwe, Tanzania, tukiwa ukimbizini, chini ya mti wa aina hiyo, na tuliporejea mwaka 1997 tulimwacha huko. Sasa mama haiwezi tena safari ya kuvuka Rusumo kwenda kupalilia kaburi.

Wengi wenu mmepita chini ya mti huu bila kuujua. Wataalamu huuita Pinus patula. Asili yake ni Meksiko, na umepandwa sana nyanda za juu za Afrika Mashariki kwa ajili ya mbao. Sao Hill, kule Mufindi, umejaa tele. Majani yake ni sindano nyembamba, kwa kawaida tatu tatu, nazo huning'inia kama nywele zilizolowa mvua.

Wafanyabiashara wa mpakani walijitolea kuniletea mche kutoka Karagwe. Nilikataa. Mche hauvuki mpaka bila cheti cha afya ya mimea, maana mizizi na udongo hubeba magonjwa. Nikanunua hapa hapa.

Wa kwanza ulikufa. Niliumwagilia kila siku, nikaweka na samadi. Ukawa njano, ukanyauka. Mama hakusema neno, ila aliacha kutoka nje jioni. Hilo liliniuma kuliko mche. Ndipo mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi ya misitu akaniuliza: udongo umeutoa wapi? Kumbe mizizi ya msindano huishi kwa kushirikiana na kuvu wa ardhini, na mahali ambapo misindano haijawahi kuota, kuvu hao huenda hawapo. Dawa ni kuchota udongo chini ya msindano mkubwa na kuuchanganya shimoni.

Wa pili niliupanda Oktoba 2015, mvua zilipoanza, hatua 12 kutoka ukutani. Ndugu msomaji, usiusogeze karibu: ukiachwa unaweza kufika mita 30, na sindano zake huziba mifereji ya bati.

Sasa umelipita paa. Jioni mama huketi chini yake, ndege zikishuka kuelekea uwanjani. Wiki iliyopita aliniambia nikate tawi la chini, eti linamgusa kichwani. Nilipoleta panga, akasema niliache kwanza.