Sumu ya risasi kutoka rangi za nyumba

Sumu ya risasi kutoka rangi za nyumba ni madhara yanayompata mtu aliyemeza chembe za rangi yenye risasi au kuvuta vumbi lake kwa pumzi. Risasi inayotajwa hapa ni metali (huitwa pia plumbi, alama yake ya kikemia ni Pb). Wanaodhurika zaidi ni watoto wadogo na mimba.

Matumizi katika rangi

Kampaundi za risasi zilitiwa katika rangi za mafuta ili zing'ae, zikauke upesi na kuzuia kutu. Rangi za manjano, nyekundu na kijani mara nyingi ndizo huwa na risasi nyingi. Hupatikana kwenye milango, madirisha, mageti na kuta za nyumba za zamani, na pengine hata katika rangi mpya pale ambapo sheria ni dhaifu.

Namna inavyoingia mwilini

Rangi iliyoshika vizuri ukutani haina hatari kubwa. Hatari huanza inapobanduka, inaposuguana mlangoni au dirishani, au fundi anapoikwangua na kuipiga msasa ikiwa kavu. Vumbi hutua sakafuni, kwenye vyombo na kwenye udongo wa uani. Mtoto anayetambaa hulishika, kisha hutia mkono mdomoni.

Kutokana na chanzo kilekile, mwili wa mtoto mdogo hufyonza risasi iliyomezwa mara 4 hadi 5 kuliko mwili wa mtu mzima. Mtoto mwenye upungufu wa madini ya chuma au kalisi hufyonza zaidi.

Madhara

Risasi huenda kwenye ubongo, ini na figo, na hujilimbikiza katika meno na mifupa. Wakati wa ujauzito hutoka tena katika mifupa ya mama na kumfikia mtoto tumboni.

Kiasi kidogo huweza kudhuru bila dalili yoyote ya wazi: mtoto hupungukiwa uwezo wa kujifunza na kutulia, na huenda akadhaniwa kuwa mvivu au mtukutu. Kiasi kikubwa huleta maumivu ya tumbo, kufunga choo, upungufu wa damu, degedege, kupoteza fahamu na hata kifo. Kwa watu wazima huongeza shinikizo la damu na kuharibu figo. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama.

Kinga na tiba

* Rangi ya zamani isipigwe msasa ikiwa kavu wala kuchomwa kwa moto, ilowanishwe kwanza.
* Watoto na wajawazito wakae mbali hadi usafi ukamilike.
* Sakafu ipigwe deki kwa kitambaa chenye maji. Kufagia hurusha vumbi hewani.
* Fundi avae barakoa ya kuzuia vumbi laini, anawe kabla ya kula, na nguo zake za kazi zifuliwe peke yake.
* Watoto wanawe mikono mara kwa mara na kula vyakula vyenye chuma na kalisi, kama vile dagaa, maharagwe, maziwa na mboga za majani.

Kipimo cha damu ndicho kinachothibitisha sumu hii. Hatua ya kwanza ni kuondoa chanzo chake. Wagonjwa mahututi hupewa dawa zinazonasa risasi na kuitoa kwa njia ya mkojo, lakini ubongo ulioharibika haurudi ulivyokuwa. Kwa hiyo kinga ina maana kuliko tiba.

Historia ya udhibiti

Mwaka 1904 daktari J. Lockhart Gibson wa Brisbane, Australia, alieleza kwamba watoto aliowatibu walipata sumu kutoka rangi za nyumba zao. Mwaka 1921 Shirika la Kazi Duniani (ILO) lilipitisha mkataba wa kuzuia risasi nyeupe katika upakaji rangi wa ndani ya majengo. Hata hivyo, Marekani ilipiga marufuku rangi za nyumba zenye risasi mwaka 1978 tu. Siku hizi kikomo kinachopendekezwa kimataifa ni miligramu 90 za risasi katika kila kilogramu ya rangi iliyokauka.